Programu Tatu na Rangi ya Mama

Ukuta wa sebule ya wazazi wangu ulikuwa na picha kumi na moja, na mama hakuwemo katika hata moja. Baba alikuwemo mara nne: askari kijana mwenye shingo nyembamba, askari mwenye kitambi kidogo, koplo, kisha mzee wa kustaafu ameshika cheti. Sisi watoto tulikuwemo, tumepangwa kwa urefu, tumepakwa mafuta mpaka magotini. Hata mbuzi mmoja wa Idi alikuwemo, amesimama mbele ya jiko letu la zamani kule kambi ya askari ya Naguru, Kampala, anaitazama kamera kama mwenye nyumba. Lakini mama, aliyempikia yule baba, akawaogesha wale watoto na kumnunua yule mbuzi, hakuwemo. Mgeni asiyetujua angedhani baba alituokota.

Picha zake zilikuwepo, ila zilikaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Mama ni mweusi, mweusi wa kweli kweli, ule weusi wa Wanubi wa zamani ambao akishajipaka mafuta asubuhi, uso wote unashika mwanga. Na kila mpiga picha aliyewahi kupita kambini alimsimamisha mbele ya ukuta mweupe, akafyatua, akaenda zake. Kilichorudi kutoka studio kilikuwa meno, hereni na nguo iliyosimama yenyewe. Uso hamna. Baba, ambaye ni Mkristo wa kaskazini na hajawahi kujifunza ni wakati gani wa kunyamaza, alikuwa akizipokea picha hizo na kusema, "Leo mama yenu ametoka vizuri, hereni zote mbili zinaonekana." Mama alikuwa akicheka. Kwa miaka mingi nilidhani kile ni kicheko cha mtu asiyejali.

Halafu mdogo wangu wa kike akapata mchumba, na ikapangwa kwamba watu wa upande wa bwana waje nyumbani Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Baba akanunua rangi ya ukuta. Mama akaniita jikoni.

"Wale watu nakuja, naingia pale ndani," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini, ambacho "naona" yake ni mimi na wao pia, huku anachagua mchele. "Naona baba yenu, naona nyinyi, naona mbuzi. Mimi wataona wapi? Mimi pia nataka kuwa kwa ukuta."

"Nitakupiga, Mama. Hata kesho."

"Utanipiga mara moja tu. Wewe ndiyo mutoto yangu, na unasema hii ndiyo kazi yako. Kama natoka tena meno na hereni, basi, imeisha. Hapana nipiga tena mpaka siku ya kunizika, na hiyo siku piga tu sanda."

Hakuwa akitania. Alisema vile bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, na hapo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa anajali tangu zamani. Roho iliniuma. Mimi hupiga picha za harusi na mahafali, nimewapendezesha mabibi harusi wa watu kutoka Bukoto mpaka Kireka, na mama yangu mwenyewe sikuwahi kumtoa ndani ya kopo la biskuti.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilimweka uani, mbele ya ukuta wa nje ambao baba alikuwa ameupaka rangi ya maziwa. Ulikuwa safi, hauna doa. Niliuona mzuri sana ukuta ule. Mama alijifunga gurbaba, zile nguo za Kinubi za kujitanda, akakaa kwenye kiti cha mbao na kuweka mapajani tabaga aliyokuwa ameimaliza wiki ile kwa ajili ya harusi. Tabaga ni kawa ya kufunikia chakula, duara kubwa iliyosukwa kwa ukindu, na yake ilikuwa na nyekundu ya damu ya mzee, zambarau, kijani na manjano ya kiini cha yai la kienyeji. Ukindu anautia rangi mwenyewe, katika sufuria ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Nyumbani kwetu watu hubishana na mama juu ya dini, siasa na bei ya samaki, lakini juu ya rangi hatubishani naye.

Nilimpiga picha mbichi. Ndivyo ninavyoziita. Kwa kawaida kamera hukupikia yenyewe: inakaanga, inatia chumvi, inakupakulia sahani iliyokwisha, na kilichoungua kimeungua. Picha mbichi ni kila kitu kamera ilichokiona, hakijaguswa na moto. Ukiifungua haipendezi, imefifia na imenuna, lakini vyote vimo humo ndani, hata vile vilivyojificha kwenye giza. Wewe ndiye utakayeipika kwenye kompyuta, kwa programu yake. Nilimweleza mama hayo yote kwa fahari, nikidhani nitamshangaza.

"Kwa hivyo bado iko mubichi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi usiunguze."

Kwa kazi za harusi nilikuwa na programu moja niliyoizoea, ile ya kukodi kwa mwezi ambayo wapiga picha wengi wa Kampala wanayo, baadhi yao kwa njia nisizotaka kuzitaja. Lakini kwa uso wa mama sikutaka mazoea, nilitaka iliyo bora. Nikapakua nyingine mbili. Moja ni ya kununua mara moja ikawa yako, nayo ilinipa siku thelathini za kujaribu. Nyingine ni ya bure kabisa, imetengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani ambao, nikitazama jinsi walivyoipanga, hawajawahi kukaa chumba kimoja. Nikafungua daftari jipya, nikachora safu tatu. Nilikuwa na karibu wiki nne. Nilijiona mwanasayansi.

Jambo lililonipa kichwa zaidi ni kipimo changu. Wapiga picha wenye pesa wana kadi maalumu yenye vijisanduku vya rangi. Unaipiga pamoja na mtu, kisha unarekebisha picha mpaka vijisanduku vya kwenye skrini vifanane na vya mkononi. Mimi sikuwa na kadi, lakini nilikuwa na tabaga. Tabaga imo kwenye picha, mapajani mwa mama. Nikiwa nayo chumbani, nikairekebisha picha mpaka tabaga ya kwenye skrini ilingane na tabaga yenyewe, basi na uso wa mama ulio juu yake utakuwa umekaa sawasawa. Nilistahili nishani. Nilimwomba mama aniazime, akanipa kwa shingo upande, nikaikumbatia kwenye bodaboda mpaka Kyambogo ninakopanga. Dereva aliniuliza kama ule ni usukani wa lori.

Nikaitundika kwenye msumari wa ukuta unaotazamana na dirisha, karibu na meza, mahali penye mwanga mzuri kuliko pote. Kila asubuhi jua lilipoingia, rangi zake ziliwaka, nami nikafungua kompyuta na kuanza kazi kwa furaha tupu. Nataka niseme wazi kwamba zile zilikuwa siku nzuri. Wanafunzi wa chuo walipita nje wakibishana, jirani yangu alikaanga chapati, na mimi nilikuwa na uso wa mama mbele yangu, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona, nauangalia kama ramani. Nikagundua ana kovu dogo kando ya jicho la kushoto. Miaka yote hiyo, na sikuwa nimeliona.

Programu ya kukodi ilikuwa na haraka na upole wa muuzaji mzuri wa duka. Unafungua picha, unabonyeza kitufe kimoja, yenyewe inakupangia, na mama akatokea papo hapo: kahawia, laini, amepumzika. Ilionekana kuamini kwamba uso mweusi ni ajali ya mwanga, na kazi yake ni kuomba radhi kwa niaba ya jua. Nikaipa alama nane kati ya kumi.

Ile ya kununua ilinitoa macho kwa upande wa nguo. Niliweza kuhesabu nyuzi za gurbaba, na ukindu wa tabaga ulisimama uzi kwa uzi. Ila ngozi iliielekeza kwenye wekundu, na kompyuta yangu ya mitumba ilipiga kelele za blenda kila nilipoigusa, mpaka jirani wa chapati akaniuliza kama natengeneza juisi. Saba na nusu.

Ya bure haikunipenda, nami sikuipenda. Ilifungua picha ikiwa imelala tu, ina giza, na haikusogeza kitu mpaka uiambie. Ilikuwa na vitufe vya kutosha kurushia ndege, na kila kimoja kilikuwa na maelezo marefu yaliyoandikwa na mtu mwenye subira kunishinda. Nikaipa tatu, tena kwa huruma, kwa kuwa ni ya bure.

Wiki ya kwanza, ile ya kukodi iliongoza. Wiki ya pili nikaona jambo: tabaga ya kwenye skrini ilikuwa nyekundu kuliko ile ya msumarini. Nikailaumu programu, nikapunguza wekundu, nikaongeza mwanga kidogo. Siku mbili baadaye ikawa bado. Nikahamia ya kununua, nayo ikawa vilevile, nikapunguza tena. Zambarau nayo ikaanza kunisumbua. Nilichosawazisha Jumatatu, Alhamisi kilikuwa kimepotoka. Nikazigombeza zote tatu kwa sauti. Nikaandika malalamiko marefu kwenye jukwaa moja la mtandaoni la wapiga picha, nikisema kwamba hakuna programu hata moja duniani inayoweza kutunza rangi kwa siku tatu. Mtu mmoja akanijibu kwa adabu kwamba huenda nichunguze skrini yangu. Nikamjibu kwa ukali kwamba skrini yangu haina tatizo lolote na kipimo changu ni cha uhakika.

Uso wa mama, ni kweli, ulikuwa unazidi kupauka. Niliuona. Lakini tabaga zilikuwa zinafanana, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kuiamini tabaga kuliko macho yangu.

Zilipobaki siku saba nilipeleka picha Nakawa kuchapisha. Bwana wa pale ni mtu mwema, ananijua kwa miaka, na huwa haachi kazi itoke mikononi mwake bila kuongeza chochote.

"Nnyabo, bibie, nimekuongezea mwanga kidogo kwa uso," alisema akinipa bahasha. "Bule. Hapa tunafanya kwa kila mtu. Watu napenda."

Nilipaswa kukataa, lakini nilikuwa nimechoka, na tena nilikuwa nimeshachanganyikiwa nisijue kidogo ni kiasi gani.

Jumapili nikaenda nyumbani, bahasha mkono mmoja, tabaga mkono mwingine. Baba alikuwa kibarazani na gazeti lake, mama anakata bamia. Nilimpa vyote viwili pamoja. Bahasha akaiweka chini bila kuifungua. Tabaga akaishika kwa mikono miwili, akainyoosha mbele yake, akaisogeza karibu, akainusa.

"Wewe," alisema polepole. "Umefanya nini tabaga yangu?"

"Sijaifanya kitu, Mama. Niliitundika tu."

"Wapi?"

"Mbele ya dirisha. Mahali penye mwanga."

"Dirisha yako inaangalia wapi?"

Nikafikiri. Dirisha langu linatazama mashariki, na jua la asubuhi linaingia lote, halina hata jani la kulizuia. Nilikuwa nikijisifia kwa watu juu ya dirisha hilo. Mama hakungoja jibu. Akaigeuza tabaga, kama mtu anavyogeuza chapati, na upande wa nyuma ukalipuka: nyekundu ya damu ya mzee, zambarau, kijani, manjano ya yai, kila kitu mahali pake, kama siku ile uani. Akaigeuza tena mbele. Waridi ya kuchakaa, kijivu, majani makavu. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza mbele.

Nikakaa kwenye ngazi. Wiki tatu. Kila asubuhi jua lilikuwa linakula rangi kidogo, na mimi nilikuwa nafuata nyuma yake kwa uaminifu, nikimpausha mama yangu hatua kwa hatua ili alingane na ukindu uliochomwa. Nilikuwa nimetukana programu tatu na mtu mmoja mwenye adabu asiye na hatia. Na muda wote ule dawa ilikuwa upande wa pili wa msumari. Ningeigeuza tu.

Mama akafungua bahasha. Akaitazama picha, akampa baba. Baba akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ni mama ya nani?" aliuliza.

Nilisubiri ngurumo. Badala yake nikasikia mama anaanza kucheka, kwanza puani, kisha tumboni, kisha bamia zikamwagika na kitambaa kikamteleza kichwani. "Umenianika!" alisema alipopata pumzi. "Umeanika tabaga, na mimi pia umenianika!" Baba akadaka kicheko kile, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka watu wazima watatu pale kibarazani mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

Kisha mama akajifuta macho, akaokota bamia moja moja.

"Lakini naona bado mimi hapana kwa ukuta," alisema.

Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana lilinichoma. Nikamwambia haraka kwamba picha yenyewe haijaharibika. Huo ndio uzuri wa picha mbichi: programu hizi hazigusi ile ya asili, zinaandika tu maagizo yao pembeni, na ukiyafuta unarudi pale pale ulipoanzia. Yupo vilevile kama alivyokaa siku ile.

"Bado mubichi?"

"Mbichi kabisa, Mama. Haijaguswa."

"Basi leta hapa kesho. Nitakaa na wewe."

Kesho yake tuliteremsha pazia la sebuleni ili mwanga usipige skrini. Mama akaoga kwanza, akavaa miwani ya kusomea, akaketi kando yangu na tabaga mapajani, upande wa nyuma juu, kama hakimu na kitabu chake. Nikamfungulia picha yake katika programu zote tatu, kila moja kama inavyoipokea yenyewe, na sikumwambia ipi ni ipi wala nimezipa alama gani. Alizitazama kwa zamu, anarudia, anainua tabaga mpaka karibu na skrini, anaishusha. Aliziita "huyu", kama wapishi wanaoomba kazi.

"Huyu ananipaka podari," alisema juu ya ile ya kukodi. "Nani alimwomba? Anataka kunioza tena?"

Ya kununua: "Huyu anajua nguo. Nguo iko sawa, na ukindu iko sawa. Lakini mimi amenikaanga. Niko kama sambusa."

Akafika kwenye ya bure, ile niliyoipa tatu kwa huruma. Picha ilikuwa imelala, ina giza, kama ilivyo kawaida yake.

"Huyu hapana fanya kitu," alisema. "Ananingoja."

"Hiyo haijui kitu, Mama. Mpaka uifundishe."

"Kama hajui, tutamufundisha. Hawa wengine wanajua sana."

Basi nikaanza na hiyo. Nikapeleka mkono moja kwa moja kwenye uso, niuongezee mwanga, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nimefanya kwa kila bibi harusi mweusi aliyewahi kukaa mbele yangu. Mama akanipiga kofi mkononi.

"Acha uso! Uso iko na shida gani?"

"Iko gizani, Mama."

"Giza ni ya wapi? Mimi ndiyo hivi. Shida ni ile ukuta. Angalia inavyopiga kelele." Akashika tabaga, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu. "Nyekundu kama naisuka karibu na nyeupe, inakuwa chafu, hata kama rangi ilikubali sana. Naisuka karibu na zambarau, inawaka. Ni ukindu moja, sufuria moja. Miaka yote ulikaa na mimi nikisuka, ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa nikiangalia katuni.

Nikauzungushia ukuta alama, nikauacha uso nje, nikaanza kuushusha ule weupe taratibu. Maziwa yakawa chai ya maziwa. Mama akasema, bado. Chai ikawa udongo mkavu. Bado. Udongo ukawa udongo uliolowa na mvua, na hapo, bila mimi kuugusa hata mara moja, uso wa mama ulitokea. Ulisogea mbele kama mtu anayekuja mlangoni kutoka chumba cha ndani. Paji la uso likashika mwanga wake wa mafuta, mashavu yakapanda, kovu dogo likakaa kando ya jicho, na macho yakatutazama. Weusi wake wote ulikuwepo. Nikamwuliza kama nauongezea uso mwanga hata kidogo, akatikisa kichwa. Akainua tabaga mara ya mwisho, nyekundu kwa nyekundu, na mimi nikageuza rangi kidogo tu mpaka zikafanana.

Mama akavua miwani. Akagusa skrini kwa ncha ya kidole, pale kwenye shavu.

"Huyu ndiyo mimi," alisema.

Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Nililia na kucheka kwa pamoja, na mama akanitazama kama mtu aliyeharibikiwa, akaniuliza kwa nini nalia wakati kazi imekwisha. Baba akaja kuangalia, akasimama nyuma yetu mkono kiunoni. Safari hii hakusema juu ya hereni. Alisema, "Eh," kisha akasema tena, "Eh," kisha akaenda kuketi nje peke yake kidogo.

Kwa sababu mimi ni mbishi, jioni nilirudia zoezi lile katika zile programu mbili nyingine. Nikashusha ukuta, nikaacha uso, nikazima kila kitu zilichojifanyia zenyewe. Na mama akatokea katika zote. Kulikuwa na tofauti, ndiyo, ila ndogo, za kubishania wapiga picha wenye muda. Hakuna iliyokuwa imemficha. Zilikuwa zimefanya kile walichofanya wapiga picha wa kambini, na mimi baada yao: kuuheshimu ukuta na kuulaumu uso. Nikararua safu tatu za daftari. Nikaandika mstari mmoja tu, "anza na jirani wa rangi," na mpaka leo ndivyo ninavyofanya kazi. Wateja wananiuliza nimebadilisha kamera gani.

Alhamisi mama akasema tunakwenda wote Nakawa. Alimkuta yule bwana mwema ameinama kwenye mashine yake, akamsalimia vizuri, akamwuliza habari za watoto na za biashara, akaiona picha inaingia kwenye kompyuta, akaweka kiganja chake juu ya meza.

"Baba yangu," alimwambia, "uso yangu usiguse."

"Mama, kidogo tu. Bule kabisa."

"Hata bure."

Yule bwana akaiangalia picha, akamwangalia mama, akarudi kwenye picha. Akaondoa mkono kwenye kipanya. "Kweli," alisema, "hii hapana taka kitu." Akatuchapishia kubwa, akakataa kuikunja, akaifunga katikati ya maboksi mawili kama kioo.

Ijumaa mama aliitundika mwenyewe. Alipanda kwenye stuli, akamwondoa koplo katikati ya ukuta na kumhamishia pembeni, kando ya mbuzi, akajiweka mahali pale. Baba alilalamika kwamba koplo alikuwa na haki zake. Mama akamwambia koplo na mbuzi wanajuana siku nyingi. Kisha akachukua ile tabaga, akapigilia msumari karibu kabisa na picha, akaitundika, upande uliopauka mbele. Nikainuka niigeuze.

"Acha hivyo," alisema.

Jumamosi wageni walikuja kwa wakati, jambo lililotushtua. Waliingia mmoja mmoja, wanaacha viatu mlangoni, salamu zikajaa nyumba nzima. Shangazi yake yule mchumba, mfanyabiashara wa Bombo mwenye sauti ya kujaza soko, hakuketi. Alisimama mbele ya ukuta, akaitazama picha, akageuka kumtazama mama aliyekuwa ameingia na sinia, akageukia picha tena.

"Mashallah," alisema. "Hii ni wewe kabisa." Kisha jicho lake likahamia pembeni, kwa kuwa naye ni Mnubi na anajua kusuka. "Lakini hii tabaga, dada yangu, iko imepauka."

Mama akaweka sinia chini, akajipanga kitambaa, akasimama kando ya ukuta, bega kwa bega na uso wake mwenyewe.

"Tabaga imepauka," alisema. "Mimi bado."